Usingizi wa Sekela

Injinia Tusekile Mwambene alikuwa hajafumba jicho tangu Jumapili, na sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi, wala hakuwa na dalili yoyote ya mtu aliyechoka. Alisimama wima mbele ya meza ya kuongozea, mkono wa kulia juu ya gurudumu la chuma, kichwani kilemba cha kijivu kilichofumwa kwa nyuzi za shaba. Nje ya kioo, ukungu ulikuwa umeanza kuiachia migomba ya mteremkoni, na katikati ya uwanja wa kokoto kisima cha saba kilikuwa kikinguruma kwa chini, sauti ambayo mtu huisikia kwenye nyayo kabla haijafika masikioni.

"Robo," alisema, akazungusha gurudumu robo. Uwanjani valvu kuu ikatii. Mshale wa shinikizo ukapanda kidogo, ukatulia.

Kisima cha mvuke hakifunguliwi kama bomba la maji. Bomba la chuma lililoshuka zaidi ya kilomita mbili ardhini hurefuka linapopata joto, na hufupika linapopoa. Ukifungua kwa pupa, au ukifunga kwa pupa, saruji inayolishika hupasuka na kazi ya mwaka mzima inaishia hapo. Kwa hiyo kisima hufunguliwa kwa wiki nzima, robo kwa robo, na mfunguaji huhisi mtetemo wake kupitia gurudumu lile. Kituo cha Kipembe kilikuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: mkono mmoja. Aliyeanza kufungua ndiye anayemaliza. Visima viwili vya mwanzo viliharibika wakati wa kupokezana zamu, na tangu siku hiyo hakuna meneja aliyethubutu kuruhusu mkono wa pili.

Simu ya mezani ikawaka. Ilikuwa sura ya Lusubilo, binti yake mkubwa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekula?"

"Baba amepika ndizi. Ametia chumvi nyingi."

"Kuleni hivyo hivyo. Lwitiko yuko wapi?"

"Anamfukuza kuku." Lusubilo akasogeza uso karibu na kioo cha simu. "Mama, ukirudi utalala?"

"Kwa nini nilale? Sijachoka."

"Aa. Mama Bupe yeye akirudi kwao analala tu. Bupe akija kucheza huku anasema tusipige kelele, hata tukiwa kwetu."

Tusekile akasema atampigia baadaye. Akarudisha macho kwenye mshale, lakini maneno yale hayakuondoka.

Mama Bupe alikuwa Sekela Mwaipaja, na wakati ule alikuwa chini ya kilima, katika jengo refu lenye mapazia mazito lililoitwa Bweni. Alikuwa amelala tangu Jumapili, kilemba kama kile kile kichwani, mpira wa maji ya chakula mkononi. Vilemba vile viwili vilizungumza. Cha Sekela kiliyasoma mawimbi ya usingizi wake mzito, na cha Tusekile kiliyapokea na kuyapitisha kichwani mwake akiwa macho, taratibu, kama mtu anayesafisha chumba ambacho mwenyewe bado amekaa ndani. Uchovu ulitoka. Kazi iliendelea. Jambo ambalo halikuwekwa kwenye matangazo ni kwamba mlalaji, akishamaliza kumlalia mwenzake, bado hajalala kwa ajili yake mwenyewe. Humbidi arudi tena kitandani.

Mainjinia wanaume waliwatumia walalaji wiki za kufungua visima tu, kisha wakarudi nyumbani kulala vitanda vilivyokwisha kutandikwa. Tusekile alikuwa na mlalaji kila wiki ya mwaka, sasa mwaka wa tatu. Lwitiko alipozaliwa, kituo kilimpa njia mbili: ahamie chumba cha takwimu, au achukue mlalaji. Alichukua mlalaji. Ndivyo alivyoweza kumnyonyesha mtoto alfajiri, kusimamia uchimbaji mchana, kufua jioni na kuandika mahesabu ya mabomba wakati nyumba nzima inakoroma. Watu walimsifu. Katika mikutano ya wasichana wa sekondari alitajwa kama mfano, na mara mbili alisimama jukwaani akawaambia kwamba linawezekana. Hakusema linawezekana kwa usingizi wa nani.

Na kisima hiki kikifunguka salama, Jumatatu angetangazwa injinia mkuu wa Kipembe. Hakuna mwanamke aliyewahi kukikalia kiti hicho.

*

Simu ililia tena kabla ya saa tano. Safari hii ilikuwa sauti bila sura.

"Injinia, ni Bweni hapa. Mlalaji wako ameamka."

Tusekile hakuondoa mkono kwenye gurudumu. "Ameamkaje?"

"Jirani yao amekuja kugonga dirisha. Mtoto wake ameungua. Bibi alikuwa ameteleka chai, mtoto akavuta sufuria. Wamemkimbiza hospitali ya misheni." Muuguzi alisema haya kwa haraka, kama mtu ambaye sehemu ngumu bado iko mbele. "Mlalaji anataka kutoka. Mkataba aliosaini unaruhusu tumchome sindano alale mpaka Jumapili. Ila aliye macho lazima aseme ndiyo. Sauti yako inarekodiwa."

"Nipe Sekela niongee naye."

"Hairuhusiwi, Injinia."

Lakini nyuma ya muuguzi kulikuwa na mvutano wa miguu na kitanda, na sauti nzito ya mtu aliyetolewa usingizini ghafla ilikuwa ikirudia jambo moja. "Mwambie ni Bupe. Mtajie jina. Mwambie ni Bupe."

"Bila yeye nina muda gani?" Tusekile aliuliza.

"Uchovu wa siku zote hizo unarudi kwa mkupuo. Dakika arobaini, labda saa nzima. Na hatuna mtu mwingine, unajua kilemba huchukua wiki mbili kumzoea mtu."

Nyuma ya kioo cha wageni walikuwa wamekaa wasichana wanne wa mafunzo, madaftari magotini, wakiutazama mgongo wake. Tusekile aliwafikiria. Alimfikiria Meneja Kasyupa, aliyepigana na bodi mwaka mzima ili jina lake lifikiriwe. Kisha akaanza kufikiri kwa mpangilio, kama alivyozoea. Mtoto alikuwa tayari mikononi mwa madaktari. Sekela si daktari. Angefika pale na kukaa kwenye benchi. Jumapili angeamka na kumkuta binti yake amefungwa bandeji, amepata nafuu. Na Sekela mwenyewe alisaini.

Hoja ilikuwa nzima, haina ufa. Alijiona akiijenga kwa ustadi ule ule aliojengea mahesabu ya mabomba, na wepesi wa kuijenga ndio uliomshtua. Mwaka uliopita Lwitiko aliposhikwa na degedege, yeye aliacha mkutano wa bodi katikati ya sentensi, akakimbia kilima chote bila viatu. Hakuna aliyemwambia yeye si daktari.

"Hapana," alisema.

"Hapana asiondoke, au hapana tusimchome?"

"Msimchome. Mwacheni aende. Na mpeni gari la kituo, asitembee kwa miguu."

Akavua kilemba, akakiweka juu ya meza.

*

Injinia Ambokile Kalinga, msaidizi wake, alikuwa kwenye meza ya mitambo ya umeme upande wa pili wa chumba. Alikuwa mtu mpole mwenye kipaji cha kukaa kimya, na kila mtu alijua kwamba kama Tusekile asingekuwepo, kiti cha injinia mkuu kingekuwa chake. Aligeuka na kiti chake.

"Umevua?"

"Nimevua. Njoo hapa, tunafunga."

"Kufunga taratibu kunataka masaa mawili."

"Na mimi ninalo moja. Ndiyo maana nakuita."

Ambokile alitazama ile kanuni iliyopakwa rangi nyekundu ukutani. Kila aliyefanya kazi Kipembe aliisoma kila siku. "Dada Tuse, kisima kikipasuka mkononi mwangu watasema nilikitamani kiti."

"Kikipasuka mkononi mwangu nikiwa nimesinzia, watakuwa na kitu cha kuchimba upya na watu wa kuzika. Weka mkono chini ya wangu."

Akauweka. Ulikuwa mkono wa baridi.

"Sasa usiangalie mshale," alisema. "Mshale unachelewa. Sikiliza chuma. Unahisi huo mtetemo wa haraka haraka?"

"Nahisi."

"Huo ni mvuke mkavu. Tukigeuza robo, utakuwa mzito. Tunangoja mpaka uwe mwepesi tena, ndipo tunageuza nyingine. Tusigeuze kabla." Wakageuza. Mtetemo ukawa mzito. Wakangoja. "Umekuwa mwepesi?"

"Bado."

"Umekuwa mwepesi?"

"Sasa."

"Robo."

Waliendelea hivyo, yeye akisema kila anachohisi kwa sauti, hata mambo ambayo hakuwahi kujua kwamba anayajua: kwamba kiganja huwasha kidogo kabla maji hayajaanza kujichanganya na mvuke, kwamba kisima kikikohoa mara mbili mfululizo lazima urudi nyuma nusu ya robo. Miaka yote hiyo aliamini elimu ile ilikaa mkononi na haina maneno. Maneno yalikuwepo. Hakuwahi kuulizwa.

Uchovu ulimfikia. Kwanza aliegemea meza. Kisha taa za mezani zikaanza kuwa na vivuli viwili viwili. Akauma ulimi ili maumivu yamweke macho, na yakamweka kwa robo tatu zaidi. Mkono wake sasa ulikuwa juu ya wa Ambokile kwa uzito tu, haukuongoza kitu.

"Mwepesi?" aliuliza.

"Mwepesi. Nageuza."

"Usinisubiri mimi."

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza. Aliendelea kuuliza, na Ambokile aliendelea kumjibu kutoka juu, mpaka swali moja likatoka nusu. Mmoja wa wale wasichana wa mafunzo aliingia bila ruhusa na kumwekea koti chini ya kichwa. Kisima kilifungwa saa saba kasoro dakika chache mchana. Tusekile hakukisikia kikinyamaza.

*

Aliamka kesho yake alasiri katika kitanda chake, mumewe Gwakisa amekaa pembeni akimenya viazi. Gwakisa alimwambia mambo mawili: kisima kizima, na Meneja Kasyupa amepiga simu mara kadhaa. Tusekile alioga, akavaa, na badala ya kupanda kilima kwenda kituoni akaelekea hospitali ya misheni.

Sekela alikuwa kwenye benchi la wodi ya watoto. Bupe alilala chali, mkono na bega vimefungwa, anapumua vizuri. Tusekile alishtuka kwa jambo lisilohusiana na bandeji. Katika miaka mitatu alikuwa amemwona Sekela akiwa macho mara chache sana, na hakujua kwamba ana sauti ya juu hivi, wala kwamba ni mrefu kumzidi.

"Pole mama Bupe."

"Nimeshapoa. Karibu."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema kovu litabaki begani. Mkono utafanya kazi." Sekela alisogea kidogo ili apate nafasi ya kukaa. "Bweni wameniletea taarifa asubuhi. Mlalaji aliyekatisha usingizi harudishwi."

"Mimi ndiye niliyesema uondoke. Kosa si lako."

"Kosa lililala kwangu. Huko ndiko huwa linalala." Hakusema kwa ukali, ila hakulainisha. "Nakushukuru kwa jana. Wangenichoma, na ningeamka Jumapili sijui kitu. Lakini usinitazame kama mtu aliyenitoa shimoni, dada. Leo wewe una kazi na mimi sina."

Tusekile alikuwa amekuja na maneno ya kutosha, na yote yalikuwa ya mtu anayetaka kusamehewa.

"Bupe ana miaka mitano," Sekela akaendelea. "Mimi nimeona miwili. Hiyo mitatu ulikuwa nayo wewe. Sikulaumu, nilisaini mwenyewe. Nilikuwa nimeanza chuo cha ufundi, umeme, nikasema nitafanya Bweni mwaka mmoja nipate kujiendeleza. Lakini mtu anasomaje, kila akifungua kitabu macho yanafumba?"

"Unataka nikufanyie nini?"

"Usinilipie kitu. Nataka kazi ya mtu aliye macho."

Bupe aligeuza kichwa, akafungua macho, akamwona mama yake. Akamtazama kwa muda kama anayehakikisha. "Mama, hujalala?" aliuliza.

"Sijalala."

Tusekile aliinuka akatoka nje, akapanda kilima.

*

"Nimekulinda mwaka mzima," Meneja Kasyupa alisema. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hakulala, kwa sababu naye alimpa mlalaji wake mapumziko mwezi huo. "Mwaka mzima nawaambia bodi, huyu mama ana watoto wawili na hajawahi kukosa zamu. Leo nawaambia nini? Kwamba mtoto wa mlalaji alimwaga chai?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Watasema mama ameshindwa. Na wale wasichana wanne?"

"Wale wasichana nimewadanganya, Meneja. Nimewaambia linawezekana, na kila mmoja wao ataondoka hapa akatafute Sekela wake. Wako wanne. Hao wanawake wengine wanne tutawatoa wapi, na watoto wao wataangaliwa na nani?"

Ambokile, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisimama akawasha mchoro ukutani. Ulikuwa mstari wa shinikizo la jana, tangu walipoanza kufunga mpaka kisima kilipolala. Ulishuka ngazi kwa ngazi, laini.

"Meneja," alisema, "nionyeshe ni wapi mkono ulibadilika."

Kasyupa alivaa miwani, akasogea ukutani. Alifuata mstari kwa kidole kutoka kushoto hadi kulia, akarudi, akafuata tena. Mwishowe akavua miwani.

"Nataka tukifungue tena kwa mikono mitatu," Tusekile alisema. "Mimi, Ambokile, na Atuganile yule mhitimu mpya. Kila mmoja masaa manane, na kila anayeingia anaweka mkono chini ya anayetoka mpaka wote wawili waridhike. Kila kinachohisiwa kinasemwa kwa sauti. Kila mtu analala usingizi wake. Bweni lina vyumba ishirini vyenye jua upande wa mashariki. Fungueni mapazia, wekeni watoto wa wafanyakazi humo mchana. Walalaji wanaotaka kazi ya watu walio macho wapewe, na Sekela Mwaipaja aingie mafunzo ya umeme pamoja na wale wanne."

"Na ukuu?"

"Najua hautakuwepo."

"Kwa mwaka huu, hapana," Kasyupa alisema taratibu. "Labda na ujao."

Lilimchoma, na hakuficha. Alikuwa amekitaka kiti kile tangu akiwa msichana mwenye ovaroli iliyomzidi ukubwa. "Basi andika kwamba bado nakitaka," alisema. "Nitakiomba tena nikiwa nimelala vya kutosha."

Bodi ilibishana muda mrefu. Ilikubali kisima, ikakubali mafunzo, ikalifungua Bweni nusu tu. Nusu nyingine ilibaki na mapazia yake, kwa sababu vituo vingine bado vilihitaji walalaji na viliwalipa vizuri. Tusekile alianza kuipigania nusu hiyo wiki ile ile.

*

Kisima cha saba kilifunguliwa tena baada ya mvua za masika. Usiku wa kwanza wa nyumbani Tusekile hakuweza kulala hata kidogo. Kisima kilikuwa kimeanza kufunguliwa, kiko mikononi mwa Atuganile, binti aliyemaliza chuo juzi juzi, na yeye amelala kifudifudi akisikiliza ardhi kupitia godoro. Gwakisa alimwambia kama anataka kwenda aende. Hakwenda. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya Kipembe, kubaki kitandani. Siku ya pili alilala kidogo. Ya tatu akalala kweli.

Siku ya tano alitoka zamu usiku wa manane, asubuhi akawapikia watoto, akamfunga Lwitiko mgongoni mpaka akasinzia, kisha wakajilaza wote wawili. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili, na Lusubilo amekaa chini kando ya kitanda, mikono magotini.

"Mama, kimepiga," alisema.

"Nini kimepiga?"

"Kisima. Mvuke ulipanda mpaka juu kabisa, mweupe. Watu wote walitoka nje. Hata mama Bupe alikuwa amembeba Bupe begani."

"Saa ngapi?"

"Ulikuwa umelala. Baba alikataa tukuamshe."

Tusekile alikaa ukingoni mwa kitanda. Miaka mitano alikuwa amekisubiri kitu kile, amekichora, amekipigia mahesabu, na kilipotoka ardhini kilimkuta anakoroma na mtoto kifuani. Alingoja ajutie. Majuto yalikuja kidogo, akayaacha yakae, akavuta viatu kutoka chini ya kitanda.

"Kilipiga vizuri?" aliuliza. "Hakikukohoa?"

Lusubilo akafikiri. "Kilikohoa mara moja. Halafu kikanyooka."

"Mara moja ni sawa." Akafunga kamba za viatu, akambusu Lwitiko bila kumwamsha, akaangalia saa. Zamu yake ilikuwa inaanza, na mkono wa Ambokile ulikuwa umechoka.